Maji Marefu: Shajara ya Shamba Letu la Mwani, Mikindani

Februari, bamvua (maji makubwa) la mwezi mpevu

Leo tumefungua kamba za mwisho za mwani wa kotoni. Zilikuwa 60. Zenye kitu cha kushikika ni 4 tu. Kwenye nyingine zote matawi yamepauka yakawa meupe kama chaki, ukiyagusa yanakatika na kukuachia ute mkononi. Saa nne asubuhi, maji yalipokupwa kabisa, nilitia mkono kwenye dimbwi lililobaki katikati ya vijiti. Yalikuwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Jambo ambalo afisa uvuvi amekuwa akitueleza tangu mwaka juzi, leo nimelielewa kwa kiganja changu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 14 wa mwambao huu wa ghuba ya Mikindani, mkoani Mtwara. Daftari la kikundi lina mahudhurio na hesabu. Hili ni daftari jingine, la safari yenyewe, maana tunachotaka kukianza hakuna mwanamke aliyekifanya hapa kwetu, na atakayetufuata nataka ajue tulipita wapi, zikiwemo siku tulizoogopa.

Kwa asiyeijua kazi hii: mwani wa biashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989, ukashuka na pwani mpaka Lindi na Mtwara. Sisi tunajua aina mbili. Spinosamu ina roho ngumu, lakini bei yake iko chini. Kotoni ndiyo yenye pesa, kwa sababu ute wake huganda vizuri, na viwanda vinautaka kwa dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vya makopo. Tatizo lake ni joto. Maji yakipita nyuzi 30 na kukaa hapo, kotoni inadhoofika, inapauka, inakatika. Na haya maji yetu ya magotini, upepo wa kaskazi ukilala na jua la Februari likiwa utosini, yanapita hapo bila shida.

"Kotoni haifi kwa uvivu wenu, mama zangu," afisa alituambia akiwa amesimama nasi kwenye tope. "Inataka maji yanayotembea. Ifuateni kule." Akanyoosha mkono ng'ambo ya miamba, bahari inapobadilika rangi.

Hakuna aliyejibu. Kati yetu 14 hakuna anayejua kuogelea.

Mtu wa bara atashangaa, watu wa pwani na hawajui maji. Tukiwa watoto tuliruka majini pamoja na kaka zetu. Lakini ukishavunja ungo, ukatoka unyagoni, kujitosa majini mbele za watu si adabu tena. Kaka zako wanaendelea kujirusha kutoka kwenye madau. Wewe unabaki na kupwa: unaokota tondo na chaza, unachokoa pweza, unatanda dagaa kwa kanga. Maji yakipanda mapajani, unarudi. Nina miaka 43, na bahari ninayoijua ni ile inayoishia kiunoni.

Mimi nina la ziada. Nilipokuwa na miaka 9 tulijisahau kwenye fungu tukiokota chaza, maji yakajaa kwa nyuma yetu. Bahari haikufukuzi kutoka mbele, inakuzunguka. Mjomba alinibeba mabegani. Nakumbuka maji yakimfika kidevuni, anatembea kwa ncha za vidole, anasoma dua kwa sauti. Tulifika salama. Tangu siku ile maji yakivuka kitovu, pumzi yangu inakuwa fupi. Naliandika hili mwanzoni kabisa, nisije nikaandika mbele ya safari kana kwamba sikuwa na hofu.

Februari, maji mafu (maji madogo)

Kikao chini ya mkorosho wa mwenyekiti. Tuliwaita na waume, maana jambo kama hili likiamuliwa nyuma ya mgongo wa mtu linakufa ndani ya nyumba kabla halijafika ufukweni.

Shemeji mmoja, mvuvi, alisimama akauliza: "Mmesahau Kenneth?" Hakuna aliyesahau. Alhamisi ile ya tarehe 25 Aprili 2019 shule zilifungwa, tuliokaa mabondeni tukaambiwa tupande juu, na tulikesha tukisikiliza upepo. Kimbunga kikaenda kupiga ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Mei 2024 ikaja Hidaya, ikawapiga wenzetu wa Mafia na Kilwa, barabara ya kwenda Dar ikakatika tukawa kama watu wa kisiwani. "Bahari hiyo ndiyo mnataka aiingie mama wa watoto wangu?"

Ni swali la haki. Silipuuzi mpaka sasa.

Mwenyekiti alimjibu bila kupandisha sauti. "Shemeji, hatuendi kushindana na kimbunga. Siku wakitangaza hali mbaya tutakaa nyumbani, kama wewe unavyokaa na dau lako likiwa juu. Tunazozitaka ni zile siku nzuri ambazo wewe unatoka. Tusizikose kwa sababu tu hakuna aliyetufundisha."

Watatu walijitoa. Mmoja ni mjamzito. Mmoja mumewe amekataa na yeye hataki ugomvi. Wa tatu alisema moyo wake umekataa, basi. Kulisema hilo mbele ya watu zaidi ya 20 nako kunataka moyo, na nikamwambia hivyo. Tulikubaliana kwamba atabaki ufukweni kufunga mbegu, na mgao wake utakuwa sawa na wetu.

Likabaki la mwalimu. Vijana wanaozamia wapo wengi, lakini mama wa watu wazima kushikwa na kijana majini, hapana. Ndipo akainuka Nahodha. Amepita miaka 70, aliendesha majahazi ya Kilwa, Mafia na Zanzibar enzi zake, na hakuna mume hapa kijijini anayeweza kumtilia shaka.

"Mimi nitakaa mchangani na fimbo yangu," alisema. "Mtakayeingia naye ni huyu."

Akamsukuma mbele mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita.

Februari, mwezi unaelekea kuandama

Jioni nne za kwanza. Siku za bamvua maji hukupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, kwa hiyo asubuhi tunakuwa kwenye vijiti vyetu vya zamani na jioni, mtoto akitoka shule, tunaingia darasani kwake.

Siku ya kwanza kanga zilituponza. Kanga ikilowa inakushika miguu kama mtu anayekuvuta chini. Sasa tunavaa suruali, fulana za mikono mirefu, na mtandio uliofungwa kwa nyuma usiofunguka. Kila mmoja ana dumu la lita 5 kifuani, kifuniko kimezungushiwa mpira wa baiskeli ili lisiingize maji. Tunajifunza kitu kimoja tu: kuzamisha uso na kutoa pumzi majini. Mimi nimetoa pumzi mara 3 kwa jioni nne. Bibi yetu mwenye miaka 61 alitoa mara 20 jioni ya kwanza, akasema bahari imemkumbuka.

Ramadhani

Hatukuingia majini kujifunza. Anayejifunza hunywa maji hata asipotaka, na swaumu si kitu cha kubahatisha.

Kazi ya nchi kavu iliendelea: kukata taitai (kamba nyembamba za kufungia mbegu), kusafisha chupa, kupima kamba. Usiku baada ya tarawehe nilikuwa nabaki kwenye mswala. Dua yangu ilikuwa moja, kwamba hofu hii iondolewe kabla ya Idi. Nililia nikiiomba. Nilikuwa na hakika kwamba siku ya kuingia maji marefu nitakuwa mtu mwingine.

Idi ikaja. Nikashuka ufukweni siku ya tatu yake, maji yakafika kitovuni, pumzi ikawa fupi vilevile kama miaka yote. Nilikasirika, kusema kweli. Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Aprili, bamvua la mwezi mpevu

Hii nataka kuiandika taratibu.

Jana saa kumi jioni maji yalijaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, yametulia, kusi haijashuka. Somo lilikuwa kulala chali. Wenzangu 7 walikwishaweza. Mwalimu wetu alisimama maji yakimfika kifuani, mkono mmoja chini ya shingo yangu, mwingine chini ya mgongo.

"Mama, achia shingo."

"Nimeachia."

"Hujaachia. Ngumu kama mpini."

Nilikuwa nimeanza kusoma dua ya Nabii Nuhu, ile ambayo manahodha huisoma chombo kikiondoka. Ndani yake mwendo wa chombo na kutia nanga kwake vyote vinatajwa kwa jina la Mungu. Nimeijua tangu madrasa. Nilikuwa katikati yake nikagundua kwamba naisoma huku nimekaza shingo, taya na vidole vya miguu. Ulimi unakabidhi, mwili unakataa kukabidhi. Na ndivyo nilivyoomba Ramadhani nzima: nilitaka kwanza hofu iondoke, ndipo nimkabidhi Mungu, kama mtu anayesema atalipa deni akishatajirika.

"Masikio yaingie majini," mtoto akasema. "Ndipo shingo itaachia."

Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote, masikio kuzama. Nikayaacha yazame. Sauti ya wenzangu ikakatika mara moja. Badala yake nikasikia bahari yote inachakata, tss-tss-tak-tak, kama mafuta ya vitumbua yanapopata moto. Niliduwaa. Nimefanya kazi kwenye maji haya tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuyasikia. Nahodha aliniambia baadaye ni kamba wadogo wa miambani, wanafyatua gando lao kubwa, usiku na mchana, hawanyamazi.

Nikawa nasikiliza. Sijui mkono wa mtoto uliondoka saa ngapi. Niliona wingu moja na kichwa cha mnazi, na kifua changu kikipanda na kushuka na maji chini yake yakipanda na kushuka. Niliporudisha miguu mchangani wenzangu walikuwa wanapiga vigelegele, na mwalimu wangu yuko hatua tano kutoka nilipo, mikono yake yote miwili iko juu ili nione.

Nilitetemeka mpaka nyumbani, meno yakigongana, na haikuwa baridi. Hofu haijaondoka. Lakini nimeelea nayo ikiwa ndani yangu, na haikunizamisha.

Mei

Ya ujenzi naandika kwa kifupi, hesabu zipo kwenye daftari lingine.

Fedha ya kwanza ya mradi ilinunua majaketi okozi 6. Kamba zilifuata baadaye. Tulibishana juu ya hilo jioni nzima, kwa sababu jaketi halioti mwani. Nasimama na uamuzi wetu. Anayeingia maji marefu ana jaketi, hata bibi yetu anayeelea kama chelezo. Kwenye mtumbwi haingii zaidi ya watu wanne, na hatoki mtu peke yake.

Shamba liko ng'ambo ya miamba, mahali ambapo kupwa ya mwisho kabisa inaacha pima mbili na nusu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Kamba mama mbili za mita 50 zimelazwa sambamba, katikati yake kamba 20 za mita 10, kila moja ina mbegu zilizofungwa kwa taitai kwa nafasi ya shubiri moja. Juu zinashikiliwa na chupa tupu za maji na madumu kwenye pembe. Chini zinashikwa na viroba vya mchanga. Mbegu tunazifunga kivulini ufukweni, tukizimwagia maji ya bahari, ndipo zinasafiri kwa mtumbwi. Uzuri wa shamba la kuelea ni huu: mwani unapanda na kushuka na maji, hauachwi kwenye dimbwi ukachemka.

Tulipanda bamvua la mwezi mchanga. Niliingia majini kutoka kwenye mtumbwi, nikashika kamba mama kwa mkono mmoja, nikafunga kamba yangu ya kwanza. Nilitazama chini mara moja. Bluu isiyo na mwisho. Sikutazama tena.

Juni

Kusi imeshuka na imetupiga.

Siku tatu hatukuweza kutoka. Siku ya nne tulipofika, pembe ya mashariki haikuwepo. Viroba vilikuwa vimeburutwa, kamba mama zimesokotana kama nywele zisizochanwa, na mwani mwingi umekatika kwa kusuguana. Kati ya kamba 20 tumeokoa 7. Kamba tatu tulizikuta zimekwama kwenye mikoko, chupa zake zikigonganagongana.

Mwenzetu mmoja alikaa chini kwenye mchanga akasema, "Bahari imetukataa." Hakuna aliyemjibu, na mimi niliyekuwa na maneno mengi Februari sikuwa na hata moja. Hofu hii haikufanana na ile ya kuzama. Wanawake hawa waliweka akiba zao kwa sababu mimi na mwenyekiti tuliwashawishi. Mmoja aliuza mbuzi. Usiku ule sikuweza kulala wala kuomba, nilihesabu tu kamba kichwani. Kumi na tatu. Kumi na tatu.

Asubuhi Nahodha alikuja na fimbo yake. Shikamoo zilipokwisha akaomba kuona amari, yaani kamba inayotoka kwenye kiroba kwenda juu. Akainyoosha mchangani, akaipima kwa mikono yake: pima tano.

"Nani aliwaambia tano?"

Nikasema mimi. Nilipima kina, nikaongeza kidogo.

"Ulipima maji yakiwa yamekupwa. Bamvua likijaa, hapa kwetu maji yanapanda zaidi ya mita 3. Pale panakuwa na pima nne na nusu. Amari ya pima tano imesimama wima kama mlingoti, na kila wimbi linakinyanyua kiroba kutoka chini. Amari inatakiwa ilale, binti yangu, ili ivute kwa ubavu. Mara tatu ya kina cha maji yaliyojaa. Pima 14. Na viroba viwili kila pembe, kimoja cha kusi na kimoja cha kaskazi."

Kisha akakaa juu ya dumu. "Yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake, halafu ndipo amtegemee Mungu. Nyinyi mmemtegemea Mungu vizuri sana. Ngamia mmemfunga kwa uzi."

Sikulichukua kama karipio. Nilipata nafuu kubwa, sijui kama wengine waliipata. Bahari haikuwa imetukataa. Kulikuwa na pima tisa za kamba ambazo hazikuwepo, na pima tisa ni kitu kinachonunuliwa dukani.

Tulipiga kura kwa mawe kama tuendelee. Meupe 10, jeusi 1. Mwenye jeusi alijitaja mwenyewe, akasema amesema lake na kesho atakuja. Alikuja.

Julai

Mwezi mgumu kwa mikono. Nusu ya kikundi wako mashambani, maana mikorosho inapulizwa salfa dhidi ya ubwiri unga na hilo halisubiri mtu. Wanarudi jioni na vumbi la njano kwenye nyusi, wanafunga mbegu mpaka giza linaingia.

Mbegu tulizitoa kwenye zile kamba 7. Tulipanda kamba 12 tu, kwa sababu ndizo tulizoweza kuzilinda. Amari mpya zimelala kama alivyosema. Usiku wa upepo mkali nilitoka nje saa nane nikasimama nikielekeza sikio baharini, na kesho yake tukakuta pembe zote nne ziko mahali pake, madumu yameinamisha vichwa upande mmoja kama ng'ombe kwenye mvua.

Maji ya kule ni baridi. Mwani una rangi ya kahawia iliyokolea, shina linavunjika kwa mlio, ka! Afisa uvuvi aliliumauma tawi moja, akacheka.

Agosti

Samaki aina ya tasi wamelipata shamba. Wanakuja kwa kundi, wanakula ncha laini. Tumezishusha kamba za pembeni kidogo, na mume wa mwenzetu (ndiye yule yule aliyeuliza habari ya Kenneth) ameweka mitego miwili ya dema karibu. Anauza tasi, sisi tunabaki na mwani. Sasa yeye ndiye anayetuambia asubuhi kama upepo unafaa au haufai, kabla hatujamuuliza.

Jambo moja nataka likae kwenye kumbukumbu. Jumamosi iliyopita chupa nne za kamba ya tisa zilifunguka, kamba ikazama katikati. Mtumbwi ulikuwa upande wa pili na mkondo unavuta. Kutoka nilipokuwa nimeshika mpaka pale ilikuwa kama hatua 30, hakuna kamba ya kushikilia njiani. Mwenyekiti aliniita nisubiri mtumbwi, na alikuwa sahihi kuniita. Nilikuwa na jaketi, nilikuwa na chupa mbili za akiba kiunoni, nilijua mkondo unaelekea shambani na si nje. Nilivihesabu vyote vitatu kwa sauti. Kisha nikaisoma ile dua, safari hii mpaka mwisho, nikaachia.

Nililala chali, nikapiga miguu. Kila nilipoona pumzi inafupika niliyazamisha masikio nikawasikiliza wale kamba wa miambani. Nilipogusa kamba ya tisa mkono wangu haukuamini, ukaishika kwa nguvu mpaka taitai ikanikata kidole. Nilifunga chupa mbili. Mbili zilizobaki alizileta bibi, akipiga kafi na kuimba.

Septemba, bamvua la mwezi mpevu

Tumevuna kamba 8 kati ya 12. Nne tumeziacha kwa mbegu.

Tulipima kamba moja moja, kwa sababu hakuna aliyetaka kuamini jumla. Kamba ya kwanza ilifungwa mbegu za kilo 5. Mizani ya korosho ya mwenyekiti ikasoma kilo 31. Tukaishusha, tukaipandisha tena. Kilo 31. Kamba ya tisa, ile iliyozama, ilitoa 22, na nilifurahi nayo kuliko zote.

Mwani uko kwenye chanja tangu juzi. Jua zuri, hakuna mvua, leo jioni ulikuwa umeanza kutoa chumvi nyeupe juu yake. Kilo 7 au 8 mbichi zinakauka kuwa moja, kwa hiyo hakuna atakayejenga nyumba kwa mavuno haya. Yatarudisha fedha ya amari na sehemu ya mbuzi. Mnunuzi amekuja kuangalia, akalivunja tawi, akauliza tunalima wapi. Mwenzetu yule aliyesema bahari imetukataa ndiye aliyemwonyesha kwa kidole, mbali kule, bahari inapobadilika rangi. "Kuchele," yaani kumekucha, alimwambia, na sisi tuliokuwa karibu tukaitikia.

Kaskazi itarudi baada ya miezi mitatu, na Februari yake. Hapo ndipo tutajua kama maji ya kule yanatosha ubaridi wakati ufukwe unachemka. Bado naogopa nikiingia. Jana nilisimama ukingoni mwa mtumbwi muda wa kusoma Fatiha mbili kabla sijashuka. Tumekubaliana kuongeza kamba 20.

Ya kesho: maji yanakupwa saa nne. Viroba 6 havijashonwa midomo. Kafi moja imepasuka, fundi ameahidi mchana. Jaketi la namba 4 mkanda wake umelegea, lisitumike mpaka nilishone. Mwenzetu anayebaki ufukweni, yule ambaye moyo wake ulikataa, aliniuliza leo bila kuinua macho kwenye mbegu kama kuna fulana ya ziada ya mikono mirefu. Nimempa yangu ya bluu. Mwalimu anatoka shule saa tisa, na saa kumi maji yatakuwa kwenye minazi.